Funda la Maji ya Shemeji

Perege wa Wakio walifariki dunia asubuhi ya Jumanne, bila kuugua kwa muda mrefu. Marehemu walikuwa wengi kiasi kwamba haikuwezekana kuwataja mmoja mmoja. Walielea chali katika matanki mawili ya saruji pale ukingoni mwa kitongoji cha Ndara, Voi, matumbo meupe yakiutazama mlima Sagalla, na nyuma yao wakaacha mwanamke mmoja mwenye reki na shemeji mmoja aliyekuja kutoa rambirambi akiwa na mswaki mdomoni.

"Pole, shemeji," alisema Kituku kutoka upande wake wa ukuta, povu likimtiririka kidevuni. "Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

"Mungu hana bomba linaloingia kwenye tanki langu," alijibu Wakio. "Wewe unalo."

Kituku alitema povu, akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayemsikiliza mgonjwa akiweweseka, akarudi ndani kunywa chai.

Bomba hilo ndilo lililokuwa kiini cha msiba. Maji ya Voi ni ya kubembelezwa. Mfereji wa mjini hukohoa upepo siku nyingi kuliko unavyotoa maji, na boza likija huja na bei yake na dharau yake. Kwa hiyo ndugu wawili, Kituku na Nicholas, walipogawana kiwanja cha baba yao, walijenga matanki ya samaki yanayotumia maji yale yale yakizunguka. Yalitoka kwenye matanki mawili ya Kituku upande wa juu, yakapita katika birika la kutulizia uchafu, yakachujwa kwenye kokoto, yakaingia matanki mawili ya Nicholas upande wa chini, kisha pampu ikayarudisha juu. Nicholas mwenyewe alikuwa bandarini Mombasa akiendesha kreni, na nyumbani alionekana mwisho wa mwezi tu. Matanki yake yalikuwa ya mkewe Wakio: yeye ndiye aliyeamka, aliyelisha, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akizoa maiti.

Mpango ule ulikuwa na sheria moja. Kila asubuhi kila mmoja afungue koki ya chini ya tanki lake, mashapo yote yatoke yaende kwenye migomba. Samaki waliobanana hunya sana, na hakuna namna ya heshima ya kulisema jambo hilo. Kinyesi chao kisipotolewa kingali kizito, husagika kikawa vumbi la majini, na vumbi hilo huwaingia samaki katika matamvua kama jivu linavyomwingia mpishi puani. Wakati huohuo linakula hewa yao. Samaki anakosa pumzi akiwa amezungukwa na maji, jambo ambalo hata yeye hulishangaa, ukimwangalia macho.

Kituku alikuwa bahili wa maji. Kufungua koki aliona ni kumwaga boza chini, kwa hiyo hakufungua. Birika la kutulizia, ambalo kulizoa ilikuwa kazi yake, lilijaa mpaka likawa uji, na kutoka uji likawa ugali. Likishajaa halitulizi kitu. Kila walichokunya samaki wa Kituku kikateremka kwa Wakio. Wakio alifungua koki zake asubuhi na jioni, akaosha kokoto kwa mikono mpaka kucha zikang'oka, na maji aliyoyasafisha yakarudi juu kumfaidi shemeji. Samaki wa Kituku waliishi kwa jasho la Wakio, na wa Wakio wakafa kwa mavi ya Kituku. Huo ndio uliokuwa udugu.

Na bado Kituku ndiye aliyesifiwa. Alikuwa amevumbua ujanja wake. Rita, mwenye hoteli ya samaki kule Miasenyi kando ya barabara kuu, alipokuwa akija kuchagua mali, Kituku alizima mapema mashine ya kuwapulizia samaki hewa. Mapovu yakikoma, maji hutulia, uchafu huzama, na tanki linang'aa kama kioo cha saluni.

"Ona, dada Rita," alikuwa akisema. "Mpaka chini unaona."

"Na mbona wamekuja juu wote, wanaachama midomo?"

"Wamekuja kukusalimia. Samaki wangu wana adabu."

Rita aliwasalimia samaki, akachukua wa Kituku. Wa Wakio, ambao mashine yao haikuzimwa hata siku moja, walikuwa kwenye maji ya rangi ya chai ya rangi, na nani anataka kula samaki aliyetoka kwenye chai?

Haya yote Wakio angeyameza. Lakini Jumapili, baada ya msiba, ukoo ulikutana Werugha kwa mama mkwe, na huko Kituku akaongeza la kuongeza.

Mama Tryphena alikuwa mwanamke mfupi aliyelima kabichi kwenye matuta yanayoteleza na hakuwahi kuanguka. Alikuwa mweka hazina wa Umoja wa Akina Mama kanisani. Alikuwa pia mlinzi wa mila za ukoo, na hakuona kwa nini kazi hizo mbili zigombane. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka sebuleni. Kituku alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mama, maji ni yale yale yanayozunguka. Samaki wangu wazima, wake wamekufa. Basi hawakufa kwa maji. Wamekufa kwa moyo. Tangu nipate soko la Rita, huyu mke wa Nicholas ana hasira nami, na hasira hiyo amekaa nayo kifuani. Nyinyi wote mnajua hasira ya kukaliwa inakwenda wapi."

Walijua. Katika nyumba ile, hasira iliyofichwa moyoni haikuwa siri ya mtu mmoja. Ilitoka yenyewe, ikatafuta ng'ombe, ikatafuta mtoto mwenye homa. Na sasa, ilivyoonekana, ilikuwa imejifunza kuogelea. Dawa yake ilikuwa kutasa. Mwenye hasira huchukua funda la kinywaji, mkubwa wa ukoo husema maneno, kisha mwenye hasira hulirusha nje kwa mdomo kama umande, na moyo unabaki mweupe. Kwa ukoo huu kulikuwa na sharti: funda likae mdomoni mpaka maneno yaishe. Ukimeza, umeimeza hasira. Ukitema kabla, umekataa.

"Wakio," alisema Mama Tryphena, "una hasira, huna?"

Tatizo kubwa lilikuwa kwamba hasira ilikuwepo. Ilikuwa kubwa, nono, inapumua. Wakio aliihisi chini ya mbavu kama mimba ya mwezi wa nane.

"Hata kama ninayo, mama, hasira haizibi matamvua ya samaki."

"Sikukuuliza habari za matamvua. Jumamosi nitashuka Voi, utatasa mbele yetu. Usipotaka, matanki yatachukuliwa na Kituku. Mtu mwenye moyo mbaya hatakaa na viumbe vya ukoo."

Kituku alishusha macho kwa unyenyekevu. Alikuwa tayari anapiga hesabu ya vifaranga, Wakio aliona midomo yake ikichezacheza.

Matanki yale Wakio aliyakorogea saruji mwenyewe, mimba ya mwanawe wa pili ikiwa tumboni. Angeweza kupiga kelele pale pale. Lakini Wakio alikuwa amesoma shule ya bweni milimani, amekuwa kiongozi wa bweni, na huko kulikuwa na somo moja lililofundishwa vizuri kuliko hesabu, nalo halikuwa kwenye ratiba. Kisasi cha haraka ni cha watoto wa kidato cha kwanza: kumwaga chumvi kwenye uji wa mtu, kufunga viatu pamoja. Kisasi cha wakubwa hufuata kanuni za shule neno kwa neno. Adui anashughulikiwa na kanuni ile ile aliyokimbilia kuripoti.

Akapiga magoti nusu, kama mkwe mwema.

"Nimekubali, mama. Ila nina ombi. Ugomvi huu ni wa maji, basi tutase kwa maji yenyewe. Mimi kwa ya tanki langu. Na shemeji naye atase kwa ya tanki lake, ili ukoo uone kwamba naye hana neno nami."

Kituku alicheka mpaka ukungu ukasogea. "Mimi? Hata sasa hivi! Maji yangu unachemshia chai."

"Vizuri," alisema Mama Tryphena. "Wewe ndiye mkubwa. Utaanza."

Jumamosi jua la Voi lilichomoza likiwa limeshakasirika. Mama Tryphena alishuka kutoka milimani akiwa na sare yake ya Umoja wa Akina Mama, nyeupe kama maziwa ya ng'ombe wa Werugha. Rita naye alikuja kutoka Miasenyi, kwa sababu Wakio alimpigia simu akamwambia aje ashuhudie usafi. Kituku alifurahi sana kumwona. Ijumaa nzima hakuwa amewapa samaki chakula, ili wasichafue. Na wageni walipoketi kwa Wakio kunywa chai, alitoweka kidogo.

Wakio alikuwa akimimina chai. Aliisikia mashine ya hewa ya shemeji ikikohoa, kisha kimya. Alitabasamu, akamwongeza mama mkwe sukari.

"Kunywa taratibu, mama. Hakuna haraka. Chukua mahamri."

Walikunywa taratibu. Walizungumza bei ya kabichi. Walizungumza tembo waliobomoa ua wa mtu. Rita alieleza namna wateja wake wanavyopenda samaki wa kukaanga mpaka mkia uwe kama mkate mkavu. Kituku alirudi, akaketi, akasimama, akaketi tena.

"Mama, twende? Jua linapanda."

"Mwache mama amalize, shemeji," alisema Wakio. "Au maji yako yana muda?"

Mwishowe walipanga mstari kwenye tanki la juu. Na kwa kweli lilikuwa jambo la kusifiwa. Maji yalikuwa meupe, saruji ya chini ikionekana kama uwanja wa kanisa uliofagiwa, ila sakafuni palikuwa na zulia laini la kijivu ambalo hakuna aliyelitazama. Samaki walikuwa wameanza kupanda mmoja mmoja. Kituku alishika kibuyu kwa vidole viwili, akaionyesha hadhira kama mhubiri.

"Mama, angalia. Dada Rita, angalia. Moyo wa mtu unajulikana kwa maji yake."

"Amina," alisema Wakio. "Lakini hawa samaki mbona wamekonda, masikini? Shemeji, jana hukuwalisha?"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa konzi ya chakula cha samaki, akairusha katikati ya tanki. Kisha konzi ya pili, kwa sababu alikuwa mtu mkarimu.

Samaki wenye njaa ya siku nzima hawana adabu. Walishuka, wakapanda, wakagongana, wakapiga mikia, tanki zima likachemka kama sufuria ya githeri. Zulia la kijivu likanyanyuka kutoka sakafuni. Kwanza likawa mawingu madogo, kisha mawingu yakashikana mikono. Kabla Kituku hajafunga mdomo, tanki lake lilikuwa na rangi ya kakao, na juu yake palielea vipande virefu, vyepesi, ambavyo asili yake haikuhitaji maelezo.

"Ala!" alisema Rita.

"Umefanya nini wewe?" Kituku alifoka.

"Nimelisha samaki. Ni kosa kulisha samaki?" Wakio alimgeukia mama mkwe. "Mama, ni maji yale yale. Hakuna nilichotia ila chakula."

Mama Tryphena alitazama tanki kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mwanawe wa kwanza.

"Kituku, chota."

"Mama, tungoje yatulie kidogo..."

"Ulisema hata kwenye sebule yangu ungetasa. Ulisema chai inachemshiwa. Au una hasira na mke wa ndugu yako, hutaki kuitoa?"

Akachota. Alijaribu kuchota pembeni, na pembeni palikuwa pabaya zaidi. Alifumba macho, akatia funda mdomoni, mashavu yakavimba. Wakio alilishuhudia tendo hilo kwa utulivu wa mtu anayepokea sakramenti.

Mama Tryphena akainua mikono, akaanza maneno. Alianza na Muumba. Akamshukuru kwa safari njema kutoka Werugha, mvua na kabichi. Akawataja wazee wa ukoo kwa kupanda kutoka kizazi hadi kizazi. Machozi yalikuwa yakimtoka Kituku. Koo lake lilipanda na kushuka kama lifti iliyokataa kufunguka.

"...na uibariki nyumba hii, na matanki haya," mama mkwe alikuwa akikaribia mwisho.

"Mama," alinong'ona Wakio kwa heshima, "umemsahau babu aliyehamia Taveta."

"Kweli. Na babu yetu wa Taveta, na wake zake..."

Kutoka kwenye pua ya Kituku ilitoka sauti ambayo haipo katika lugha yoyote ya wilaya ile.

"Na wale shangazi wawili, mama."

"Usiniharakishe, nawafikia."

Hakuwafikia. Funda lilitoka lenyewe, kwa nguvu, kwa mdomo na kwa pua, na sehemu yake kubwa ikapokelewa na sare ya Umoja wa Akina Mama.

"Mavi!" alilia Kituku, akishika magoti. "Mama, ni mavi matupu!"

Basi likawa limesemwa, na mwenye maji mwenyewe, mbele ya mteja wake na mama yake mzazi. Rita alirudi nyuma hatua kadhaa, akafunga mkoba wake. Mama Tryphena alinusa mkono wa sare yake.

Lakini wakati wakimtazama Kituku, tanki lilikuwa limebadilika. Samaki walikuwa wameacha kula. Wote walikuwa juu, wamebanana midomo wazi, wanameza upepo. Mashine imezimwa tangu chai, mashapo yote yamevurugwa, hewa imekwisha. Kituku aliona, akaruka kuelekea kibanda cha swichi.

Mlangoni pa kibanda alikuwa amesimama Wakio, ameegemea mwimo, kidole juu ya swichi.

"Shemeji, sogea!"

"Kwa nini? Wanakusalimia tu."

"Wanakufa!"

"Ah. Kama wangu."

"Washa, tutaongea baadaye!"

"Tuongee sasa. Baadaye nitakuwa na moyo mbaya."

Samaki wa kwanza aligeuka ubavu. Tumbo jeupe likamulika jua. Wakio alilitazama, akajiuliza kama atawasha, na ndani ya kifua chake hakupata jibu. Wale samaki hawakumkosea. Lakini nani aliyekuwa amekosewa na wake? Kidole chake kilikuwa kimelala kwenye swichi, kizito, hakina haraka yoyote. Lau angesema hakukifurahia kile kimya, angekuwa anadanganya.

Samaki wa pili akageuka.

"Sifungui koki!" Kituku alipasuka. "Mama, sifungui koki za chini, nahurumia maji. Birika sijalizoa. Uchafu wangu wote unashuka kwake. Nazima mashine Rita akija. Ni mimi, si moyo wa mtu, ni mimi! Wakio, nakuomba, washa!"

Wakio akamtazama mama mkwe, kuhakikisha amesikia lote. Kisha akabonyeza. Mashine ikanguruma, mapovu yakapanda, na tanki likaanza kuvuta pumzi.

Mama Tryphena alitoa hukumu pale pale, sare ikimnukia. Samaki wa Kituku wagawanywe, nusu waingie matanki ya chini. Koki zote za kila asubuhi, za juu na za chini, zikae mkononi mwa Wakio. Rita akasema yeye atanunua kwa Wakio, hata kama maji yana rangi ya chai, maana chai anaijua. Kisha mama mkwe akachota kibuyu kutoka tanki la Wakio, akakileta kwa mikono miwili.

"Sasa wewe, mwanangu. Zamu yako. Itoe iishe."

Wakio aliyatazama maji. Matanki yalikuwa yake, jina lake lilikuwa safi, shemeji alikuwa amepiga magoti akisukutua mdomo kwa mara ya tano. Alitafuta ndani kama hasira imeondoka. Ilikuwepo, imekaa vizuri, miguu imenyoosha.

"Mama, nisije nikadanganya mbele ya wazee wote wale uliowaita," alisema. "Bado ipo."

Hapo hata ukoo haukuwa na la kufanya. Kutasa kwa uongo ni kubaya kuliko kutotasa. Mama Tryphena alishusha kibuyu, na kwa mara ya kwanza tangu Nicholas aoe, kona ya mdomo wake ikacheza.

"Na Kituku je? Atakaa na hasira ya mtu juu ya kichwa chake?"

"Akae nayo kidogo. Mimi nilikaa na mavi yake mwaka mzima."

Kituku hakungoja kuambiwa. Jumatatu alikuwa ndani ya birika la kutulizia mpaka mapajani, koleo mkononi, akibeba ndoo baada ya ndoo kwenye migomba. Kuku wake akipiga chafya, alitazama upande wa Wakio. Mtoto wake alipokohoa Jumatano, alizoa mpaka giza likamkuta. Wakio alikuwa akija na kigoda na kikombe cha chai, akakaa pembeni, akinyoosha kijiti.

"Ile kona, shemeji. Hapana, ile nyingine."

Jioni mama mkwe alipiga simu kutoka Werugha. "Imetoka?"

"Bado, mama. Lakini naona anajitahidi."

Siku sakafu ya birika ilipoonekana, Kituku alipanda akiwa na rangi moja tu mwili mzima. Alinawa. Akaenda kwenye tanki la Wakio, akachota kibuyu cha maji, akamletea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

"Haya, shemeji. Tafadhali."

Wakio alipokea. Alikiinamisha kidogo juani, akaangalia maji yalivyo safi. Kisha akakirudisha mikononi mwa shemeji.

"Weka hapo kivulini," alisema, akiokota kijiti chake. "Kesho tuna bomba la kusafisha."